Nyasi Zinazostahimili Sumu ya Madini

Wanachama kadhaa wametuuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: ati ni kweli kuna nyasi zinazokula sumu ya ardhi, na kama zipo, zaweza kupandwa mahali palipovunjwa betri za gari? Swali limekuja kwa wakati wake. Siku hizi betri zimejaa visiwani, za gari, za pikipiki na za umeme wa jua, na zikisha kufa hazitupwi mbali na nyumba. Basi tumelifanya swali hili kuwa somo letu la safari hii. Twaomba wasomaji watuvumilie tukianza mbali kidogo, katika nchi ya baridi isiyo na mkarafuu hata mmoja, kwa kuwa huko ndiko somo hili lilikoanzia.

Kwanza tufahamiane juu ya sumu yenyewe. Tusemapo madini mazito tunakusudia vitu kama risasi, shaba, zinki, kadimi na zebaki. Shaba na zinki mmea wazihitaji, lakini kidogo sana. Zikizidi, mizizi hudumaa na majani hugeuka manjano. Risasi na kadimi hazina kazi yo yote katika mmea wala katika mwili wa mtu. Na jambo kubwa la kushika ni hili: madini hayaozi. Samadi huoza, dawa nyingi za wadudu huvunjika, hata mafuta yaliyomwagika hufika siku yakaliwa na vijidudu vya ardhini. Risasi haivunjiki kuwa kitu kingine. Iliyoingia ardhini wakati wa babu ipo hapo hapo mpaka leo, isipokuwa imechimbwa, imekokotwa na maji au imepeperushwa na upepo.

Migodi ya Wales

Katika nchi ya Wales, magharibi ya Uingereza, watu walichimba risasi, zinki na shaba kwa miaka mingi sana. Mgodi wa Parys Mountain, katika kisiwa cha Anglesey, ulikuwa katika karne ya 18 miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani. Migodi hiyo ilipofungwa, vifusi vilibaki: vilima vya mawe na vumbi, vitupu kabisa, na kila mvua inyeshapo yateremka maji machafu mitoni. Huo ndio ubaya wa kwanza wa ardhi ya namna hii. Haitulii ilipo, huwafuata majirani.

Hata hivyo, mtu akitazama kwa makini, aliona kuwa juu ya vifusi vingine paliota nyasi hapa na pale. Zilikuwa nyasi za kawaida, za jamii ile ile inayoliwa na kondoo katika malisho ya jirani. Mtaalamu mmoja wa mimea, Anthony Bradshaw, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha Bangor, alichukua nyasi iitwayo Agrostis kutoka mgodi wa zamani wa risasi wa Goginan, karibu na Aberystwyth, akaziotesha pamoja na ndugu zao wa malishoni katika udongo wa mgodi. Za malishoni zilikufa. Za mgodini zikaendelea kumea. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1952, na tangu hapo yeye na wanafunzi wake walifuatia jambo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Msomaji ataona mara moja uzito wa jambo hili. Si aina mbili za nyasi. Ni aina moja, jina moja, sura moja. Mtu akizishika mkononi hawezi kuzitofautisha. Tofauti imo ndani, na hurithiwa na mbegu.

Namna ya kuzitambua

Kwa kuwa macho hayatoshi, ilibidi pawe na kipimo. Mwaka 1957 mtaalamu mwingine, D. A. Wilkins, alieleza kipimo kilicho rahisi hata twadhani mwalimu wa skuli angeweza kuwaonyesha watoto. Hukatwa vichipukizi vya mmea mmoja. Vingine hutiwa katika maji yenye chumvi kidogo ya chokaa, na vingine katika maji ya namna ile ile yaliyoongezwa madini kidogo, tuseme shaba. Baada ya siku kadhaa hupimwa urefu wa mizizi mipya. Ikiwa katika maji safi mizizi imefika milimita 40 na katika maji ya shaba imefika milimita 30, mmea huo una ustahimilivu wa 75 katika 100. Mmea wa malishoni mara nyingi mizizi yake katika maji ya shaba haisogei hata kidogo.

Kwa kipimo hicho yalijulikana mambo mengi, na baadhi yake yamfaa kila mtu anayechagua mbegu, hata akiwa hana haja na nyasi.

La kwanza ni juu ya chanzo cha ustahimilivu. Wengi hudhani mmea ukikaa na sumu huizoea, kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Mwaka 1974 Bradshaw na wenzake walieleza jaribio la kumwaga mbegu za kawaida za dukani juu ya kifusi cha shaba. Karibu zote ziliota kisha zikafa. Zilizobaki ni chache mno, kadiri ya mbegu moja au mbili katika kila elfu, na miche hiyo michache ilipopimwa ilionekana kuwa na ustahimilivu unaokaribia ule wa nyasi za mgodini. Maana yake, mbegu zile zilikuwa nazo tangu mwanzo, kabla ya kuiona shaba. Sumu haikuzifundisha kitu. Ilizifyeka nyingine tu. Na ipo mimea ambayo mbegu zake nyingi zilijaribiwa vivyo hivyo zisitoe hata mche mmoja wa kufaa. Kitu ambacho hakimo ndani ya mbegu hakichaguliki, hata mtu angengoja miaka mingapi.

La pili ni upesi wa jambo lenyewe. Kule Prescot, karibu na Liverpool, palikuwa na kiwanda cha kusafisha shaba, na kukizunguka palikuwa na viwanja vya nyasi vilivyopandwa nyakati mbalimbali, kimoja kikiwa na umri wa miaka 70 na vingine vipya zaidi. Vumbi la shaba lilivianguKia vyote. Wataalamu walipopima mwaka 1975 walikuta nyasi za viwanja vya zamani ndizo zilizostahimili zaidi, lakini hata vile vipya vilikwisha kuanza kubadilika. Hapa hapakuwa na mtu aliyekusudia kuchagua. Walikata nyasi tu na kwenda zao.

La tatu, nasi tunalipenda kuliko yote, ni habari ya upepo. Katika bonde la Drws-y-Coed pana mgodi mdogo wa shaba, na upepo huvuma zaidi kwa kufuata bonde, upande mmoja. T. McNeilly alipima nyasi toka mgodini kwenda malishoni pande zote mbili. Upande upepo unakotoka, ustahimilivu uliisha ghafula, kwa umbali wa kadiri ya mita moja tu: hapa wenye nguvu, hatua moja mbele wasio nayo. Lakini upande upepo unakokwenda, ustahimilivu ulionekana mpaka mita 150 ndani ya malisho, kwa sababu unga wa maua ya mgodini ulipeperushwa huko. Na mbegu zilizochumwa juu ya mgodi wenyewe, zilipooteshwa, zilikuwa dhaifu kuliko mama zao, kwa kuwa baba wa nyingi kati yao alikuwa wa malishoni. Mwaka 1968 McNeilly na J. Antonovics walionyesha pia kuwa nyasi za mgodini hutangulia kutoa maua kwa kadiri ya juma moja, na hivyo huoana zaidi wao kwa wao. Mwenye kukusanya mbegu akitazama mama peke yake amejua nusu ya ukoo.

Bei ya ustahimilivu

Msomaji mwenye akili ataуliza: ikiwa mbegu za namna hii zimo katika kila gunia, kwa nini hazikuenea malisho yote? Jibu ni kuwa nguvu hiyo ina gharama. Nyasi ya mgodini ikipandwa katika ardhi nzuri pamoja na nyasi za kawaida, hushindwa. Hukua polepole, na jirani zake huifunika. Mahali pabaya ni mfalme, mahali pazuri ni mnyonge.

Tena, ustahimilivu ni wa madini yaliyopo. Iliyozoea shaba kwa ukoo wake haiponi kwenye risasi kwa sababu hiyo tu, wala ya zinki haiponi kwenye shaba, ila pale ambapo ardhi ya asili ilikuwa na madini yote mawili. Kwa hiyo mtu akiuziwa mbegu ya «nyasi ya kuondoa sumu» bila kuambiwa ni sumu gani, na aweke fedha zake mfukoni.

Mbegu inayouzwa

Kutokana na kazi hiyo, Bradshaw, aliyehamia Liverpool mwaka 1968, pamoja na wenzake walizalisha mbegu tatu zikapewa majina na kutumiwa. Ya kwanza iliitwa Merlin, ni nyasi ya jamii ya Festuca, nayo yafaa vifusi vya risasi na zinki vyenye chokaa. Ya pili ni Goginan, Agrostis ya vifusi vya risasi na zinki visivyo na chokaa, vyenye uchachu. Ya tatu ni Parys, Agrostis pia, ya vifusi vya shaba vyenye uchachu. Jina la kila moja ya hizi mbili za mwisho ni jina la mgodi ilikotoka.

Tazameni basi kuwa hata baada ya miaka ishirini na zaidi ya kazi hawakutoa mbegu moja ya kila mahali. Walitoa tatu, na kila moja ina ardhi yake.

Pia waligundua kuwa mbegu peke yake haitoshi. Kifusi hakina naitrojeni wala fosfati, wala mboji ya kushika maji. Nyasi stahimilivu isiyopewa mbolea huishi kwa shida, mmoja hapa mmoja pale, kama zile za kwanza zilivyoonekana. Ikipewa mbolea hufunga ardhi yote. Na nyasi ya kawaida iliyopewa mbolea hiyo hiyo huchangamka msimu mmoja au miwili, kisha mizizi yake ikifika kwenye sumu hufa, na gharama yote ikapotea. Ni mbegu na mbolea pamoja, wala si moja badala ya nyingine.

Je, zinasafisha?

Sasa tumefika kwenye swali la wanachama wetu, nasi tutalijibu waziwazi. Nyasi hizi hazisafishi ardhi. Nyingi huishi kwa kuizuia sumu mizizini, isipande majanini kwa wingi. Kazi yao ni kufunika: vumbi lisipeperuke, mvua isikokote udongo, mtoto asikanyage mchanga mtupu. Ni kazi kubwa, lakini si kusafisha.

Anayedai kuwa atapanda nyasi, atakata, atatupa, na hivyo kumaliza risasi, na apige hesabu hii pamoja nasi. Udongo wa hekta moja kwa kina cha sentimita 20 una uzito wa tani 2,600 hivi. Ukiwa na miligramu 1,000 za risasi katika kila kilo, jumla ya risasi ni kilo 2,600. Tuseme nyasi zatoa tani 5 za majani makavu kwa mwaka, na katika kila kilo ya majani mna miligramu 100 za risasi, ambacho ni kiasi kikubwa. Kwa mwaka utakuwa umeondoa nusu kilo. Kuimaliza yote kutachukua miaka 5,200.

Ipo mimea michache ivutayo madini kweli na kuyapandisha majanini. Ule uitwao Thlaspi wa Ulaya waweza kukusanya zinki zaidi ya gramu 10 katika kilo ya majani makavu, na mwaka 2001 ilitangazwa Marekani kuwa kangaga mmoja, Pteris vittata, hukusanya aseniki kwa wingi wa ajabu. Lakini Thlaspi ni kimmea kifupi chenye majani kidogo, na kwa risasi, ambayo hushikamana sana na udongo, hakuna mmea ambao mkulima aweza kuutegemea kumsafishia shamba lake. Na majani yenye sumu yakisha kukatwa nayo ni takataka ya sumu, yatapelekwa wapi?

Karibu na kwetu

Wasomaji wasidhani mambo haya ni ya Wazungu na baridi yao. Huko Katanga, katika Kongo, ambako Kiswahili husemwa mitaani na migodini, vipo vilima vya asili vyenye shaba nyingi hata miti haioti, na juu yake yameota majani na maua yasiyopatikana kwingine. Lubumbashi tanuri la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake uliangukia upande wa kaskazini-magharibi ya mji, upepo unakokwenda, ukaua msitu na kuacha ardhi tupu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuifunika ardhi hiyo kwa nyasi za kienyeji. Katika jaribio walilolitangaza mwaka 2010 walitumia nyasi tatu, pamoja na chokaa na mboji za kupunguza ukali wa shaba. Mbili ni za porini huko, Microchloa altera na Monocymbium ceresiiforme. Ya tatu ni Cynodon dactylon, na hiyo kila msomaji wetu anayo uani: ni ukoka.

Nyasi nyingine inayotajwa sana ni vetiva, iliyotoka Bara Hindi. Mizizi yake huenda chini hata mita tatu, nayo imetumiwa kufunga vifusi vya migodi Afrika ya Kusini, Australia na Uchina. Aina inayopandwa haitoi mbegu za kuota, hupandwa kwa vipande vya shina, na kwa hiyo haiwi gugu. Hapa hakuna kuchagua mbegu wala habari ya upepo. Kila mche ni mama yake yule yule.

Neno moja kwa wenye vitalu. Wapulizao miche dawa ya shaba dhidi ya ukungu wakumbuke kuwa dawa hiyo huanguka udongoni na kukaa. Wakulima wa mizabibu Ufaransa walianza kutumia mchanganyiko wa shaba na chokaa mwaka 1885, na shaba hiyo imejilimbikiza katika udongo wa juu wa mashamba yao; katika mashamba ya buni ya Kenya yameonekana mambo kama hayo. Kitalu kisikae mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, na udongo wa vifuko vya miche ya zamani usitumiwe tena.

Mahali palipovunjwa betri

Jambo hili si la kufanyiwa mzaha. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu. Watu waliugua, watoto wakiwa wa kwanza. Mwaka 2020 mahakama ya huko iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha uamuzi huo mwezi wa Desemba 2024. Risasi humdhuru mtoto akili, na kuna mengine hayarudi tena hata akitibiwa.

Kwetu hakuna kiwanda cha namna hiyo uani, lakini betri moja iliyopasuliwa kwa shoka chini ya mwembe yatosha kuharibu uwanja. Na uwanja ndio mahali tunapoanikia. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka: viungo vinavyotokana na matumba ya maua, ambamo karafuu imo, visizidi miligramu 1 ya risasi kwa kilo. Katika tani moja ya karafuu hiyo ni gramu moja tu. Mchanga wa mahali palipovunjwa betri waweza kuwa na gramu 10 za risasi katika kilo. Basi vumbi la gramu 100, ambalo halijazi kikombe cha chai, likipeperukia katika tani ya karafuu latosha kuifikisha mpakani. Karafuu hiyo ikikataliwa bandarini, hataulizwa mwenye betri; ataulizwa mwenye karafuu.

Kwa hiyo, mwenye mahali pa namna hiyo asianike hapo wala karibu, hata juu ya jamvi. Asipande mchicha, kisamvu wala muhogo, na mbuzi wasifungwe hapo kula majani. Vipande vya betri na udongo ulioonekana wazi kuwa na unga wa risasi visiguswe kwa mikono mitupu, visifagiliwe vikiwa vikavu, wala visitupwe kisimani au ufukweni. Aitwe Bwana Shamba au Bwana Afya aje aone. Mahali pengine palipobaki pamwagwe udongo safi wenye mboji kwa kina cha kiganja au zaidi, papandwe ukoka na kutiwa samadi mpaka ufunge kabisa, kisha paachwe. Ukoka huo usikatwe kulishia ng'ombe. Betri kuukuu iuzwe nzima kwa mnunuzi anayeisafirisha nzima, na maji yake makali yasimwagwe.

Anayetaka udongo wake upimwe risasi achukue udongo wa juu, kina cha inchi moja, kutoka sehemu kumi za uwanja, auchanganye katika ndoo ya plastiki iliyo safi, na kutoka hapo ajaze kifuko cha nusu kilo. Aandike juu yake jina la shamba na tarehe. Sehemu ya kuanikia iwe na kifuko chake peke yake, isichanganywe na ile ya betri.